Siku Mia na Themanini za Watu wa Ihumwa

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi. Macho yamechoka. Herufi ndogo za mikataba zimeanza kutembea kwenye karatasi kama sisimizi, na karani asiyeona herufi ndogo ni wa hatari kuliko karani mlevi. Nyinyi wawili mliobaki mezani pangu, Athumani na Yohana, mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi hii ya kuwatafutia mabwana watu wa kazi. Haya, naandika. Vyeo na mshahara sitavitaja. Mnavijua, na vyote ni vidogo.

Kazi yenyewe huonekana rahisi ukiitazama kutoka barazani. Mwenye shamba la mkonge upande wa Morogoro anataka watu arobaini. Hajui Kigogo, hajui njia za huku, hajui jumbe yupi ana watu na yupi ana maneno tu. Basi anamwandikia barua wakala aliyeko Dodoma, na wakala anawatafuta watu, anawaandika na kuwapandisha garimoshi. Mwenye shamba hulipa kwa kila kichwa. Neno hilo "kichwa" limeandikwa kwenye karatasi zetu tangu mwanzo, mimi sikulitunga.

Nilianza kabla ya reli kufika. Baba yangu alikuja bara na misafara, akaoa Kondoa, nami nikakua nikisema Kirangi nyumbani, Kigogo sokoni na Kiswahili msikitini. Nilipofikisha miaka ishirini nilijua kuandika, na mfanyabiashara mmoja wa Mpwapwa akaniweka chini ya Mzee Kapalata, mnyapara wa wapagazi, Mnyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi mara nyingi hata hakuzihesabu tena. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilijua kusoma, na sikujua kitu kingine chochote.

Siku ya kwanza walikuja watu sitini kutafuta mizigo. Mimi nikachagua wenye mabega mapana. Mzee Kapalata akapita nyuma yangu, akainama, akawatazama miguu, akawarudisha nusu yao nyumbani.

"Bega hubeba mzigo," akaniambia, "lakini mguu ndio unaokwenda pwani. Tazama funza, tazama nyufa za kisigino. Halafu muulize nani atalima shamba lake. Asipokuwa na jibu, atakutoroka mvua ya kwanza ikinyesha, na atakuwa na haki."

Alinifundisha mengine pia. Watu wa kijiji kimoja waende pamoja, na mpishi wao, na msemaji wao waliyemchagua wenyewe. Aliyegombana jana na ndugu yake asiandikwe leo, maana anakimbia ugomvi, hatafuti kazi. Na jina la mtu uliulize mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza atakupa jina la kumridhisha mgeni, mara ya pili jina la kuchezea, na la tatu ndilo aliloitwa na mama yake.

"Mtu humkodishi kama punda," alikuwa akisema. "Unamwazima kwa mama yake. Ukiazima kitu cha watu, unajua siku ya kukirudisha."

Niliyasikia maneno hayo kila siku kwa miaka saba. Kuyasikia ni kitu kimoja, kuyafuata ni kingine.

Reli ilipofika Dodoma, misafara ilikufa kama moto ulionyimwa kuni. Mimi na Mzee Kapalata tulichukuliwa na wakala Mdachi aliyefungua ofisi ya mabati karibu na stesheni. Watu walimwita Bwana Kikohozi, maana vumbi la Dodoma halikupatana na kifua chake. Hakuwa mtu mkali. Nasema hivyo kwa sababu mtasikia wengine wakisema alikuwa mbaya, na mtu mbaya mngemtambua mapema. Bwana Kikohozi alikuwa na haraka tu.

Vyombo vyetu vilikuwa fimbo ya kupimia urefu, sahani ya wino wa kidole gumba, muhuri wa mpira, na sanduku la vibati vyenye namba, vilivyotobolewa ili vivaliwe shingoni kwa kamba. Mzee Kapalata alivichukia vibati. Alisema mtu akishavaa namba, hakuna tena wa kumuuliza jina hata mara moja.

Ukaja mwaka wa ukame. Uwele ulikauka ukiwa magotini na ng'ombe wakafa kwa wingi, na Serikali ikataka kodi ya nyumba kama kawaida. Ndipo ikafika barua ya watu arobaini. Mwenye shamba aliandika kwamba anataka Wagogo hasa, maana wako mbali na kwao na hawajui njia ya kutorokea. Barua hiyo niliisoma mwenyewe, nikaitia kwenye faili.

Tulikwenda Ihumwa mwisho wa mavuno, kama yale yalikuwa mavuno. Watu walikusanyika mbele ya tembe la jumbe. Bwana Kikohozi akakaa kitini, mimi nikasimama na mkataba mkononi. Ulisema: siku mia moja na themanini za kazi. Chini, kwa herufi ndogo, ulisema kwamba siku ya kazi ni siku iliyotiwa alama kwenye kipande cha mtu, yaani kadi yake ya kazi. Jumapili haitiwi alama, wala siku ya ugonjwa, wala siku ya mvua.

Nikamwendea Bwana Kikohozi, nikamwambia polepole kwamba hesabu hii ya siku itawachanganya watu.

"Sema miezi sita," akasema, akifuta jasho. "Thelathini mara sita. Ni sawasawa."

Mzee Kapalata alikuwa nyuma yangu. Akanishika kiwiko. "Soma kama ilivyoandikwa, Sudi," akasema.

Nikawageukia watu, nikasema kwa Kigogo kilicho wazi kabisa: "Miezi sita."

Akasimama mtu mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Jina lake Mahoma. Kati ya ng'ombe wake kumi na mmoja walikuwa wamebaki wawili. Kando yake alikaa mkewe, Nyendo, na watoto wawili wadogo.

"Mbukwa, Bwana Karani," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Baba."

"Mwezi huu uliopo sasa ndio wa kwanza?"

"Ndio wa kwanza."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, huku watu wote wakimtazama. "Basi mwezi wa sita ukifa, mvua zitakuwa karibu. Nitarudi kabla ya kupanda?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Nilijua. Nilikuwa nimekaa mezani nikahesabu Jumapili peke yake, nikaona hesabu inavuka mwezi wa saba, bila homa, bila mvua.

"Utarudi," nikasema.

Nyendo akauliza, "Na asiporudi, nimuulize nani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikajigonga kifua. "Mimi," nikasema.

Vidole arobaini vikaingia kwenye wino.

Mwezi wa sita ukafa. Mvua ya kwanza ikanyesha, ile inayofanya nchi yote inuke udongo na watu wote washike majembe. Siku ya tatu nilipofika ofisini niliwakuta wanawake kumi na wanane barazani, wamekaa chini, miguu imenyooshwa, na Nyendo mbele yao. Walikuwa wametembea kutoka Ihumwa alfajiri.

"Nimekuja kuuliza," Nyendo akasema. "Ulisema nikuulize wewe."

Nikawaeleza habari ya siku na vipande na alama. Nilieleza vizuri sana. Maelezo yale, ningekuwa nimeyatoa mbele ya tembe la jumbe, leo nisingekuwa na la kuandika. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha Nyendo akasema, bila kupaza sauti:

"Kumbe ulikuwa unajua kuyasema."

Bwana Kikohozi alitaka waondolewe. Hawakuondoka. Mzee Kapalata akatoka nje, akazungumza nao, kisha akaingia kuchukua kofia yake. Akasema anakwenda Ihumwa kulima, na kwamba wapagazi wake wa zamani wanaokaa bure hapa mjini watakwenda naye. Alikuwa mzee wa mvi tupu. Alilima siku kumi na tisa katika mashamba ya watu wasiokuwa ndugu zake, kisha akarudi, mgongo umepinda, na haukunyooka tena.

Siku hiyo hiyo ya wanawake ikaja simu ya maandishi kutoka Morogoro. Watu wa Ihumwa wamekataa kazi. Msemaji wao yuko bomani kwa kuvunja mkataba. Aletwe karani aliyewasomea.

Nilisafiri kwa garimoshi peke yangu. Shambani nilipokewa na nyapara, mtu mnene aliyebeba kiboko kama mwingine abebavyo mwavuli. Nikaomba kuonana na watu wangu. Nilihesabu thelathini na wawili; wa thelathini na tatu, msemaji wao Mahoma, alikuwa bomani. Wawili walikuwa wametoroka. Watano walikuwa wamekufa kwa homa na kuhara, maana watu wa nyanda kavu walikuwa wamelazwa penye maji yaliyosimama, na hakuna aliyeandika barua hata moja kuja kwetu. Sisi nasi hatukuwahi kuuliza. Mwenye shamba alidhani wakala anajua, na wakala alidhani vichwa vikishapokewa, kazi yake imekwisha. Hapo katikati wakafa watu watano.

Wale thelathini na wawili hawakunitukana. Mmoja alinionyesha kijiti kirefu kilichochongwa alama sita. Siku mwezi wa sita ulipokufa, walikuwa wamerudisha majembe na visu, wakavipanga vizuri mbele ya ghala, wakakaa chini kungoja garimoshi. Hiyo ndiyo iliyoitwa kukataa kazi.

Asubuhi iliyofuata niliingia bomani. Bwana Shauri, mwamuzi wa kesi za boma, alikuwa Mdachi aliyejua Kiswahili vizuri, na hakupenda maneno mengi. Mahoma alikuwa amesimama kati ya askari wawili, amekonda hata nilimtambua kwa urefu tu. Hukumu yake ilikuwa imekwisha kuandaliwa, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na kiboko chenyewe kilikuwa ukutani.

"Wewe ndiye uliyesoma mkataba?" Bwana Shauri akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Umeandikwa siku mia moja na themanini. Ulisoma hivyo?"

Mahoma hakunitazama. Alitazama dirisha. Nadhani hakutaka macho yake yanisaidie wala yanizuie.

"La, Bwana. Nilisema miezi sita. Huyu aliniuliza kama atarudi kabla ya kupanda, nikamwambia atarudi. Nilijua hatarudi."

"Nani alikuambia useme hivyo?"

Njia nzima nilikuwa nimelifikiria swali hilo. "Bwana wangu aliniambia," nikasema. "Lakini mdomo ni wangu."

Bwana Shauri akaandika. Kisha akainua kalamu. "Hilo la kwanza sikulisikia," akasema. "Hilo la pili nimeliandika."

Hukumu ikawa hivi. Watu watamaliza siku zao, kwa kuwa vidole vyao vipo kwenye karatasi. Mwenye shamba atawahamisha mabanda yao penye mwinuko. Msemaji wao hatapigwa. Karani aliyesoma uongo atapigwa viboko kumi na vitano.

Kuhusu hivyo kumi na vitano sina la kusema, ila kwamba vilihesabiwa kwa sauti, kimoja kimoja, na hesabu haikukosewa.

Walipokuwa wakinisaidia kuvaa shati, Mahoma alinijia. Nilidhani atanipa pole. "Mashamba yetu yamelimwa?" akauliza. Nikamwambia Mzee Kapalata yuko huko na watu wake. Akaitikia kwa kichwa, akarudi shambani kumalizia siku hamsini na tatu.

Niliporudi Dodoma nilikuwa na nyumba tano za kwenda. Bwana Kikohozi akasema tupeleke habari kwa jumbe, jumbe atawaambia. Nikaenda mwenyewe, kwa miguu. Habari za nyumba nne nitawaachia wenyewe wenye msiba.

Ya tano ilikuwa ya Mzee Chibago. Mwanawe aliitwa Malogo. Kibati chake kilikuwa namba ishirini na sita. Nikamweleza mzee habari yote. Mkewe akaanza kulia ndani ya tembe, sauti ya chini isiyokatika. Kisha mzee akaniuliza:

"Ulimwona alipolala?"

"Sikumwona, Baba. Niliambiwa."

"Wamemlaza kichwa wapi?"

"Sijui."

"Basi rudi ukaangalie," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemtuma mwanawe kwenda kutazama mbuzi.

Nikarudi. Nilipanda garimoshi lile lile, nikamtafuta nyapara, naye akanipeleka nyuma ya mkonge. Vilikuwepo vifusi vitano mfululizo, majani yakianza kuota juu yake. Nikamuuliza kipi ni cha Malogo. Hakujua. Nikamuuliza mpishi, nikamuuliza aliyechimba. Kila mtu alikumbuka kuzika, na hakuna aliyekumbuka nani. Kitabu cha shamba kilisema: ishirini na sita, amefutwa.

Nikawaza kusema uongo. Ungekuwa uongo mwema: cha pili, Baba, chini ya mti, kichwa huku. Nilikuwa na safari nzima ya kuutengeneza. Lakini mgongo ulikuwa bado unauma kila garimoshi lilipotikisika.

"Vipo vitano, Baba," nikamwambia Mzee Chibago. "Hakuna anayejua kipi ni chake."

Akatazama udongo uliokuwa kati ya miguu yake. "Basi wote watano ni wangu," akasema.

Mahoma na wenzake walirudi mvua zikiwa nusu. Uwele uliolimwa na Mzee Kapalata ulikuwa umefika viunoni. Haukutosha, lakini ulikuwepo. Wawili waliotoroka hawakuonekana tena, nami mpaka leo huuliza kila nipitapo stesheni. Vijiji vyote kutoka Ihumwa mpaka upande wa Kongwa vikafunga masikio. Jumbe alikuwa akituona kwa mbali, na watu wote wanatoweka kama walioota mbawa. Bwana Kikohozi akauza ofisi pamoja na meza, akarudi kwao kutafuta hewa. Bwana mpya aliponunua, alinikuta mimi, akanichukua kama alivyochukua meza.

Niliomba mambo machache, naye alikuwa na akili ya kutosha kukubali, maana bila hayo asingepata mtu hata mmoja. Kwanza, mwenye shamba akitaka watu, sisi ndio tunaoanza kumuuliza: maji yako wapi, mabanda yako wapi, nani nyapara, mgonjwa anatibiwa na nani, na mtu akifa nani atatuandikia jina lake na mahali alipozikwa. Asiyejibu hapelekewi watu. Mabwana wengine walikasirika. Wenye akili waliona kwamba wakala anayeuliza sana huleta watu wasiotoroka. Pili, kijiji hutanguliza watu wawili kwenda kutazama, na neno lao likirudi baya, mkataba hausomwi kabisa. Tatu, mkataba husomwa kama ulivyo, kisha mtu wa hapo hapo kijijini huurudia kwa maneno yake, nami humsahihisha mbele ya watu. Siku huitwa siku. Na mmoja wetu huenda shambani kila baada ya miezi miwili, na kabla hajala chakula cha mwenyeji huomba kuwahesabu watu kwa majina.

Mzee Kapalata aliishi akayaona hayo kwa mwaka mmoja. Hakunisifu. Aliniuliza tu mbona nimechelewa.

Nimalizie na siku moja ya mwaka jana. Tulikuwa tunaandika watu barazani, barua nzuri, shamba zuri, na bwana mpya amesimama mlangoni na kiko chake. Nikamwona Mzee Chibago anakuja, amezeeka sana, anashika fimbo, na nyuma yake mtu mzima mwenye mabega kama mlango. Alikuwa mwanawe aliyesalia, mdogo wake Malogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huyu anataka kwenda. Msomee."

Nikawaketisha. Nikasoma yote, herufi kubwa na herufi ndogo. Nikamwambia siku mia na themanini si miezi sita. Nikamhesabia Jumapili. Nikamhesabia siku za homa na siku za mvua, nikamwonyesha mwezi atakaorudi, na kwamba mwezi huo kupanda kutakuwa kumepita. Mwana akasikiliza kwa makini, akauliza maswali matatu, nikamjibu. Kisha akamtazama baba yake, akasimama.

"Siendi," akasema.

Mzee Chibago akanyanyuka kwa fimbo. Akanipa mkono, akaushika wangu muda mrefu kidogo kuliko desturi, na wakaondoka wote wawili kuelekea Ihumwa, mwana akienda polepole ili baba asiachwe.

Bwana mpya akatoa kiko mdomoni. "Yule mwenye mabega," akasema, "mbona ameondoka? Hakuelewa?"

"Ameelewa, Bwana," nikamjibu.